Mguu wa Kushoto

Tok. Kimya. Tok.

Hana alifumbua macho gizani. Hakuhitaji kuwasha koroboi ili ajue ni nini. Ulikuwa mguu wa kushoto wa mumewe, ukigonga ubao wa kitanda upande wa miguuni. Wanawake wengine pale Ihumwa waliamshwa na jogoo au na treni ya mizigo. Yeye aliamshwa na klachi. Kwa miaka saba ya kulala kando ya dereva alikuwa amejifunza kuusoma mguu ule. Ukigonga taratibu, Joel yuko tambarare na roho yake imetulia. Ukigonga mfululizo, kuna kilima. Alfajiri hii uligonga mara mbili, ukanyooka, ukakakamaa. Kisha mguu wa kulia ukaanza kusukuma ubao, ukasukuma mpaka kitanda kikalia.

"Baba Restuta," Hana akamtikisa bega. "Baba Restuta, umefika."

"Nimefika wapi?"

"Nyumbani. Utaung'oa ubao."

Joel aliketi. Fulana ilikuwa imemganda mgongoni kwa jasho, na huo ulikuwa mwezi wa sita, baridi ya Dodoma ikipenya hata kwenye tundu za misumari ya bati. "Nimeota ule mteremko wa darajani," akasema. "Ule wa kabla ya Mpwapwa."

"Leo si ndiyo tunapita huko?"

"Ndoto tu, mama. Lala kidogo."

Hana hakulala. Alikuwa anasikiliza sauti ya pili, ile aliyoiogopa zaidi: dumu la plastiki la lita tano nyuma ya mtungi wa maji, likibonyea lenyewe kwa baridi. Tak. Lilikuwa na petroli. Kila Joel aliporudi safari alilijaza kidogo, na kila mwisho wa juma alilipeleka kwa mwenye mashine ya kusaga. Hana akiuliza, jibu lilikuwa neno moja, "Yamebaki." Hakuwahi kuuliza yamebakije. Ada ya masomo yake ya jioni ilitoka kwenye lile dumu. Kalamu zilitoka humo, na hata ile kamusi iliyochakaa aliyoinunua kwa mwalimu. Jumatatu angeingia kwenye mtihani wa kidato cha pili, yeye mama wa mtoto mmoja, pamoja na makarani na askari magereza. Leo Ijumaa wangempeleka Restuta kwa bibi yake Mpwapwa, akae huko wiki mbili, ili mama apate kusoma. Nauli haikuwepo, ila gari la baba lilikuwepo.

Restuta alikuwa ameshaamka. Alilala mkekani, macho wazi, akingoja aambiwe.

"Tunapanda gari la baba?"

"Tunapanda. Vaa sweta."

*

Pikapu ilikuwa imeshapakiwa mbele ya duka la Mzee Harithi, tajiri wa Joel: katoni za sabuni, madebe ya mafuta ya kupikia, na juu yake kreti kumi za soda. Ilikuwa nyeupe, imekuja kutoka Dubai miezi miwili tu nyuma. Mwaka ule magari ya namna hiyo yalikuwa yanaingia kwa wingi, na watu walisimama barabarani kuyatazama. Mzee Harithi alilipenda gari lake kuliko alivyopenda kulipia mafuta yake. Alichukua rangi ya kucha ya mke wake, akatia nukta nyekundu juu ya kioo cha geji ya mafuta. Ukirudi kutoka Mpwapwa mshale uko chini ya nukta, dereva anakatwa mshahara. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yote ya kazi.

"Shikamoo, mzee," Hana alisalimia, akipiga goti kidogo.

"Marahaba, binti yangu. Na huyu ni nani? Kreti ya kumi na moja?" Mzee Harithi akacheka, akamfinya Restuta shavu. Kisha akamgeukia Joel, na kicheko kikaisha. "Abiria wawili, Joel. Sikatai, ni familia yako. Lakini nukta yangu iko palepale."

"Hakuna tabu, tajiri."

"Hakuna tabu ndiyo maneno ninayoyapenda. Maana hapa kila asubuhi wanakuja vijana watatu wenye leseni kuniulizia kazi."

Alisema hivyo mbele ya wapagazi, mbele ya mke na mtoto. Joel alitazama matairi. Tangu shirika alilokuwa akiliendeshea malori lipunguze wafanyakazi na yeye akapewa bahasha na barua ya shukrani, alikuwa amejifunza kutazama matairi.

Fundi Bartolomayo alitokea chini ya gari, mikono imejaa grisi. Alikuwa kijana mwembamba, mkewe amejifungua pacha wiki iliyopita, na macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala. "Shemeji, karibu," akamwambia Hana. Akatoa mfukoni gololi ya chuma iliyotoka kwenye beringi kuukuu, akaipangusa kwenye kaptura, akampa Restuta. "Ya mchumba wangu hii. Usiimeze."

Kisha akamsogelea Joel. "Kaka, breki nimezifunga jana, ziko vizuri. Ila hili si kama malori yenu ya shirika. Mlimani shuka na gia. Ulichopandia ndicho utakachoshukia."

"Unanifundisha kazi, Barto? Nimeshika usukani ukiwa unavaa kaptura ya shule."

"Hata leo nimevaa kaptura, kaka. Nimesema tu."

Wapagazi wakacheka. Joel naye akacheka, lakini Hana aliona macho yake yamerudi kwenye matairi.

*

Walipita Kongwa salama. Jua lilikuwa limepanda, upepo mkavu ukirusha vumbi jekundu juu ya mashina ya uwele yaliyovunwa. Restuta alikaa katikati, gololi mkononi, akitazama miguu ya baba yake. Alijua kazi yake. Wa kushoto ukishuka, mkono unahama. Wa kushoto ukipanda, gari linavuta pumzi.

Katika kilima cha kwanza Joel alivua gia, akaliacha gari fri, bila gia yoyote. Gari likaanza kuteremka kwa uzito wake, injini ikinong'ona tu. Hana alikitazama kile kitendo, na moyoni mwake kitu kikafunguka taratibu kama mlango usiotiwa mafuta. Yamebaki. Kumbe hubaki hapa.

"Joel, ndivyo mnavyoendesha?"

"Ndivyo tulivyookoa nchi, mama," akajibu kwa mzaha. "Miaka ile ya foleni za petroli, ukishuka na gia unaitwa mhujumu. Kila dereva wa shirika alishuka fri. Wengine tulizima kabisa."

"Na Barto alisema..."

"Barto ni fundi. Fundi anajua nati. Barabara anaijua dereva."

Akautazama mshale. Mzigo ulikuwa mkubwa, na upepo ulikuwa wa mbele. Mshale ulikuwa umeshaikaribia nukta, na hata Mpwapwa hawajafika. Hana naye aliutazama.

Kilima cha darajani kilikuwa kirefu. Juu kabisa Joel alipunguza mwendo, akamwinamia binti yake. "Restuta, sasa gari linalala. Gari likilala tunafanyaje?"

"Tunanyamaza," Restuta akanong'ona. Ulikuwa mchezo wao. Alikuwa amekwisha kupanda mara mbili.

Joel akavua gia, akazungusha ufunguo.

Kimya. Mshale wa mafuta ukalala chini kama mtu aliyechoka. Yalisikika matairi tu juu ya kokoto, na chupa za soda zikigongana nyuma. Kwa kitambo kidogo ilikuwa raha, kama kubebwa mgongoni. Bonde lote lilikuwa wazi mbele yao, korongo la mchanga mweupe, daraja jembamba la mawe, na mbuzi.

Mbuzi walikuwa wengi, wamejaa darajani. Joel akakanyaga breki, gari likasita. Akaachia. Mbuzi hawakugeuka. Akakanyaga tena, likasita kidogo. Akakanyaga mara ya tatu, na pedali ikamkatalia. Haikuzama wala haikulegea. Iligeuka jiwe.

Alilisukuma lile jiwe. Akanyanyuka kwenye kiti, akalisimamia kwa mguu wa kulia. Gari likazidi kwenda. Akashika mti wa gia akausukuma kuelekea namba mbili, chuma kikasaga chuma, gia ikakataa. Akausukuma tena. Ikakataa tena, kwa kelele iliyomfanya Restuta azibe masikio.

Hana hakujua kuendesha gari. Hakuwa hata amewahi kushika usukani. Alichokijua ni miguu ile, usiku baada ya usiku, miaka saba. Akatazama chini, akaona kile alichokisikia alfajiri: mguu wa kulia unasukuma, na wa kushoto umekakamaa sakafuni, umekufa.

"Mguu wa kushoto, Joel."

Hakusikia.

Akamkamata goti, akalibana kwa kucha. "Mguu wa kushoto. Amka. Mguu wa kushoto."

Mguu ukashtuka. Ukazama kwenye klachi. Mkono wa Joel ukazungusha ufunguo bila kuambiwa, ukaiacha namba mbili, ukachukua namba tatu, na tatu ikaingia. Akaachia klachi. Gari likainamisha kichwa kama ng'ombe aliyevutwa mkia, injini ikakohoa, ikaguna, ikalia. Namba mbili. Ikalia zaidi. Sasa mbuzi walisikia. Wakatawanyika, wengine wakarukia mchangani. Pedali ikalainika chini ya mguu kana kwamba haijawahi kuwa jiwe. Lakini nafasi ilikuwa imekwisha. Ubavu wa kushoto ukaukwangua ukingo wa daraja, taa ikapasuka, madigadi ikajikunja juu ya tairi, na kreti mbili za soda zikaruka zikavunjikia kwenye mawe.

Likasimama.

Soda ya chungwa ilitiririka barabarani. Hana alimpapasa mtoto kichwa, shingo, mikono, miguu, kisha akaanza tena toka kichwani. Restuta alikuwa mzima. Mdomo alikuwa ameufumba kabisa. Hata sasa hakuwa ameambiwa kwamba gari limeamka.

Mwenye mbuzi alikuja polepole, mzee mrefu aliyejifunga shuka jeusi, fimbo begani. "Mbukwenyi," akasalimia kwa Kigogo. Akawahesabu mbuzi wake kwa macho, hakuna aliyepungua. Kisha akalizunguka gari, akitikisa kichwa.

"Jina langu Mazengo," akasema. "Magari yanapita hapa kila siku. Mbuzi hawa wanasikia ngurumo toka kule juu, wanatoka wenyewe. Leo hawakusikia kitu. Mlikuja kama nyoka."

Mzee Mazengo akaokota kizibo kimoja cha soda, akakitazama, akakitupa, akawafuata mbuzi wake.

*

Basi la kwenda Dodoma lilisimama, utingo akachukua ujumbe wa kumpelekea tajiri. Baada ya hapo hapakuwa na la kufanya ila kungoja. Hana aliketi juu ya ukingo wa daraja, Restuta mapajani. Joel aliokota vipande vya chupa kimoja kimoja akivirundika kando, kazi ambayo hakuna aliyemwomba.

Alipomaliza akaja akachuchumaa mbele ya mkewe. "Tutasema ni breki."

Hana akapangusa vumbi kwenye sweta la mtoto.

"Na ni kweli. Breki zilikataa. Uliona mwenyewe zilivyokataa."

"Zilikataa baada ya nini, Joel?"

"Sikujua." Sauti yake ilishuka. "Haki ya Mungu, sikujua. Landrova ungeizima toka Kibaigwa mpaka Bahi, breki zipo. Hili sijui lina kitu gani. Breki zake zinasubiri injini. Nani aliniambia? Nilipewa ufunguo na nukta, basi."

"Barto alikwambia."

"Barto alisema shuka na gia. Hakusema kwa nini."

"Na yeye ndiye aliyezifunga jana."

Joel akatazama mchanga wa korongo. "Barto ni fundi. Fundi hakosi kazi."

"Ana pacha wa wiki moja."

"Na mimi nina nani? Ninyi ni kreti?" Akajishika kichwa. "Hana, huyu mzee atanifukuza leo hii, kisha atadai taa na soda. Jumatatu hutakaa kwenye mtihani wowote. Utakaa sokoni unauza karanga. Unataka hivyo?"

Hakutaka hivyo. Ilimwogofya jinsi alivyotaka mtihani ule. Aliona dawati, karatasi iliyopinduliwa, jina lake juu yake kwa mwandiko wake mwenyewe. Akafikiri pia kuhusu dumu nyuma ya mtungi, jinsi lilivyokuwa likimwita kila usiku, tak, na yeye akajifunika kanga masikioni. Petroli ile alikuwa ameisoma ukurasa kwa ukurasa. Angemhukumu nani?

"Basi iwe hivyo," akasema mwishowe. "Wewe useme. Mimi sitasema kitu."

Restuta aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine. Akaikaza gololi kwenye ngumi.

*

Tajiri na fundi walifika saa tisa, ndani ya gari la kuazima. Mzee Harithi alishuka kanzu ikiwa na vumbi mpaka magotini. Kwanza alimtazama mtoto. "Ameumia?"

"Hapana, mzee."

"Alhamdulillahi." Kisha akalizunguka gari lake. Aliligusa lile tundu la taa kwa vidole viwili, kwa namna ambayo mtu humgusa mgonjwa. Aliporudi, uso ulikuwa mwingine. "Ehe. Nieleze."

"Breki, tajiri," Joel akasema. "Zilikataa."

"Zilizofungwa jana?"

"Ndiyo, tajiri. Hizo hizo."

Mzee Harithi akamgeukia Bartolomayo taratibu. "Unasikia, fundi?"

Bartolomayo alilala chini ya gari muda mrefu, akagonga hapa na pale. Akafungua boneti. Mwisho akaingia kwenye kiti cha dereva, akawasha injini, akakanyaga breki. Pedali ikazama kwa adabu. Akazima. Akakanyaga mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu mguu wake ukasimama juu kama uliokanyaga kizingiti.

Akainua macho. Kupitia kioo cha mbele alimtazama Joel, na Joel akayatazama matairi. Hana aliona yote. Aliona kwamba fundi ameshajua, na kwamba anangoja.

"Vipi?" Mzee Harithi akauliza.

"Breki ni nzima, mzee." Bartolomayo alishuka, akajipangusa mikono. "Na mlimani zilikataa, hilo nalo ni kweli. Sababu anaijua aliyekuwa na usukani. Mimi sikuwepo."

"Usinipigie mafumbo. Ni nzima au zilikataa?"

"Muulize kaka Joel, mzee."

"Nimemuuliza. Amesema. Sasa wewe ndiye unayekosa la kusema." Mzee Harithi akanyoosha kidole kwenye sanduku la spana. "Vifaa hivyo nilikukopesha mimi. Viache hapo chini. Ukipata fedha ya taa na soda, utakuja kuvichukua."

"Mzee, nitafanyia nini kazi?"

"Ningekuwa nimemzika mtoto huyu leo, ungeniuliza hivyo?"

Bartolomayo aliinama. Alifungua sanduku, akatoa kitambaa kimoja kilichokuwa chake kweli, akakitia mfukoni, akalifunga tena. Akaliweka chini karibu na rundo la vipande vya chupa. Hakumtazama mtu. Mguu wa kushoto wa Joel ulikuwa unagonga chini, mfululizo, kwenye vumbi.

Hana alihisi mkono mdogo ukivutwa ndani ya mkono wake. Akatazama chini. Restuta alikuwa anamtazama yeye, mashavu yamejaa kama mtu aliyezuia maji mdomoni toka asubuhi. Alikuwa anangoja ruhusa. Gari lililala, akaambiwa anyamaze, na mpaka saa hii hakuna aliyemwambia limeamka.

Ada, dawati, jina juu ya karatasi. Vyote vilimpita Hana machoni, na kwa hofu aliyokuwa nayo vidole vyake vilijikaza zaidi. Kisha, kimoja baada ya kingine, akavifungua. Akauachia mkono wa mwanawe.

"Gari limeamka, mama," akamwambia. "Sasa unaweza kusema."

Restuta akashuka kwenye ukingo wa daraja, akaenda akasimama kando ya sanduku la spana, gololi mkononi.

"Baba alizima gari," akasema.